Mkwe Aliyesahau Njia ya Jaisalmer

— Mkwe! Wewe Ketan! Leo ndiyo umeikumbuka njia?

Sauti ilitoka kwenye kizingiti cha nyumba ya mawe ya manjano, ndani kabisa ya ngome ya Jaisalmer, kwenye uchochoro ambao ng'ombe mmoja akisimama, watu hawapishani. Urvi aligeuka kwa shida, maana sketi ya harusi aliyoivaa kwa ajili ya picha ilikuwa nzito kama gunia la mchele. Akamwona mama wa makamo, ushungi wa rangi ya machungwa kichwani, mashuka ya viraka ya kuuza yametundikwa ukutani nyuma yake. Hakuwa na lile tabasamu la kumvutia mteja. 

Ketan, mchumba wake Urvi, hakugeuka.

— Mama, umenifananisha, alisema huku akitazama mbele.

— Nikufananishe? Mtu aliyekula chakula cha mikono yangu miezi minane, nikufananishe?

— Urvi, twende. Jua likipanda picha zinaharibika.

Akamshika mkono, akamvuta. Nyuma yao Nimesh, mpiga picha waliyetoka naye Ahmedabad, akawa anakimbia na mikoba yake mabegani. Walipofika lango la ngome, Ketan akacheka. Kicheko chenyewe kikavu kama koo la mgonjwa.

— Hawa ndivyo walivyo. Kila mgeni wanamwita mkwe, ili asimame anunue shuka.

— Na kila mgeni anaitwa Ketan?

— Si amemsikia Nimesh akiniita!

 Hiyo ilikuwa siku yao ya pili Jaisalmer, na harusi ilibaki wiki tatu. Kwao Ahmedabad siku hizi bibi harusi asiyepigwa picha mahali pa mbali kabla ya ndoa anaonekana kaolewa kwa bahati mbaya. Ketan alitaka waende Udaipur, kwenye maziwa. Urvi ndiye aliyeng'ang'ania jangwa. Ketan akasema kuna vumbi, akasema kuna baridi, mwisho akasema huko hakuna cha maana. Alipokubali, alikubali kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino, na tangu washuke kwenye treni hakuwa amevua miwani ya jua wala kitambaa puani.

Mchana walikaa kula. Ketan alipokwenda kunawa, Urvi akamgeukia mpiga picha kama anayetania.

— Kaka Nimesh, wewe mchumba wangu unamwitaje?

— Bosi. Wateja wangu wote wa kiume ni mabosi, wa kike ni malkia. Kazi umeiagiza wewe kwa jina lako, dada. La kwake hata silijui. Kwani vipi?

— Hamna kitu.

Urvi akausogeza pembeni mkate wake wa uwele. Ketan aliporudi, Urvi alikuwa ameshasimama.

— Blauzi imeachia uzi, natafuta fundi. Wewe kapumzike.

— Nikusindikize?

— Na vumbi lote hili? Kalale, mpenzi.

Akavaa nguo zake za kawaida, akapanda tena ngomeni. Mama yule alikuwa palepale kwenye kizingiti, shuka moja limemwangukia miguuni hajaliokota.

— Shikamoo, mama. Huyo mkwe wako anaitwa Ketan nani?

— Ketan Mistri, wa Ahmedabad. Ana kovu hapa chini ya kidevu. Alianguka baiskeli utotoni.

 Kovu lile alikuwa amelipapasa kwa kidole chake mara ngapi!

— Na wewe binti, ni nani yake?

— Mchumba wake. Tunaoana mwezi ujao.

Mama Gavri, ndilo lilikuwa jina lake, hakutukana wala hakupiga ukunga. Alimtazama tu kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeanguka kisimani. Kisha akageukia ndani.

— Dhapu! Njoo. Mgeni wako amefika.

Akatoka mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, uzi umemzunguka kidole na sindano ameibana mdomoni. Mikononi alikuwa na bangili nyeupe za mke wa mtu, zimepangana mpaka juu ya kiwiko. Kwenye njia ya nywele, mstari mwekundu wa ndoa.

— Kaa, dada, alisema alipokwisha kuelezwa. Maji kwanza. Huku kwetu hata adui hupewa maji.

— Mimi ni adui?

— Bado sijajua. Kunywa.

Urvi akanywa. Dhapu akachomeka sindano kwenye kitambaa, akakaa mbele yake.

— Alikuja kutengeneza mitambo ya upepo, ile unayoiona ukitoka mjini. Akapanga chumba chetu cha juu. Baba alikuwa seremala, na Ketan naye ni wa ukoo wa maseremala, basi baba akaona Mungu kamshushia mkwe mpaka ndani ya nyumba. Tulipendana, sikufichi. Akasema baba yake ni mkali, tuoane kwanza, halafu yeye mwenyewe ataenda kumweleza. Tukaoana hapa chini hekaluni, watu arobaini. Wiki mbili baadaye akapanda treni.

— Una picha?

— Picha ninazo. Lakini soma hii.

Akampa simu ya zamani, kioo chake kimepasuka pembeni. Meseji ilikuwa ya miaka minne nyuma.

"Nipe wiki mbili nizungumze na baba. Nakuja kukuchukua, kisima changu. Usilie."

Urvi akaisoma mara ya pili. Kisima changu! Ndivyo Ketan alivyomwita yeye kila asubuhi. Aliwahi kumwuliza jina hilo zuri amelitoa wapi, naye akajibu kwamba amelitoa moyoni. Urvi akawatambia mashoga zake wote.

— Na wewe anakuita hivyo? aliuliza Dhapu, maana uso wa mgeni ulikuwa umeshajibu.

Urvi akaitikia kwa kichwa.

— Jina hilo nilimpa mimi. Babu yangu ndivyo alivyomwita bibi.

 Mama Gavri akaguna kutoka mlangoni:

— Mwizi haachi hata kijiko.

— Unamtaka? Urvi aliuliza, sauti ikiwa chini. Niambie ukweli.

— Nimtake wa nini? Dhapu alicheka kidogo. Miezi sita nilikwenda stesheni kila treni ya asubuhi ilipoingia. Wauza chai wakanizoea, mmoja akawa ananiwekea kiti. Mwezi wa saba nikakionea haya kile kiti, nikaacha. Baba akaenda Ahmedabad kuwatafuta akina Ketan, anwani tuliyopewa ikawa ya ghala la mbao. Alirudi, akakaa pale ulipokaa wewe, na hakuwa tena mtu wa maneno mpaka alipofariki tukauchoma mwili wake.

— Pole, dada.

— Pole haivunji ndoa. Mimi nataka karatasi. Kwa ukoo wetu mke haachiki mpaka mume aandike mbele ya wazee watano. Wazee wanasema mume yu hai, basi mke yupo. Mimi si mjane, si mwali, na mke unaona mwenyewe mke gani. Kuna mtu mjini Pokaran, anaitwa Jetharam, mgane, anatengeneza matrekta. Amenisubiri miaka miwili. Mama yake kachoka, na mwezi ujao anamwoza mwingine.

— Ketan akiandika, utaolewa?

— Akiandika. Lakini huyo aandike? Hata kugeuka leo kashindwa.

Urvi akasimama. Mlangoni Dhapu akamwita.

— Dada, sikukuita uje kuharibikiwa. Ungepita zako ningekuombea heri. Mimi hata sikujua kama umo duniani.

Alimkuta Ketan juu ya paa la hoteli, anapunga hewa, miwani kaiweka mezani. Mji wote ulikuwa chini yao, wa manjano kama unga wa bizari uliomwagika.

— Blauzi imeshonwa?

— Dhapu anakusalimu.

Usiombe kuona mtu anavyopauka. 

— Dhapu gani?

— Usinifanye hivyo, Ketan. Nakuomba. Nimesoma meseji yako. Kisima changu!

Kunguru wawili wakatua ukingoni wakaondoka. Halafu maneno yakamwagika.

— Ulikuwa utoto, Urvi. Nilikuwa peke yangu huku...

— Ulikuwa na miaka ishirini na minane.

— Haikusajiliwa popote! Ile haikuwa ndoa, ilikuwa shughuli tu ya kumridhisha mzee.

— Watu arobaini walikula wali wa shughuli hiyo. Yeye mpaka leo amevaa bangili zako.

— Baba angeniua. Nilipofika nyumbani sikuweza hata kufungua kinywa. Siku zikapita, nikaona haya kupiga simu, na haya ikazaa haya nyingine. Mimi ni mwoga, Urvi. Nimekubali. Lakini wewe nakupenda, na hilo si uongo.

Akalia. Na hapa ndipo penye uchungu: Urvi alimwonea huruma. Mkono ulitaka wenyewe kwenda kumfuta machozi, akaukalia.

— Basi nenda kamwandikie karatasi yake.

— Haiwezekani. Nikiandika nimemwacha, nimekiri nilioa. Baba yako akiiona karatasi hiyo?

Simu ya Urvi ikaita. Mama yake, Bi Kokila. Akashuka ngazi, akapokea, na kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwambia, akamwambia yote. 

— Umemaliza? mama aliuliza.

— Nimemaliza.

— Sasa nisikilize mimi mama yako. Kadi mia sita zimeshagawiwa. Shangazi zako wameshanunua sari. Mdogo wako anaposwa mwakani. Mwanamume gani hana la nyuma? Funika kombe mwanaharamu apite.

— Mama, ana mke!

— Ana mke amemwacha. Yule kazoea. Wewe ndiye hujazoea aibu. Rudi nyumbani, baba yako asijue.

Urvi akabaki ameishika simu iliyokwisha kukatwa. Akapanda tena juu. Ketan alikuwa hajasogea.

— Saini ile karatasi, alimwambia. Kesho asubuhi, mbele ya wazee wao. Ukisaini, sitamwambia baba. Tutarudi nyumbani.

— Na utaolewa na mimi?

Upepo ulikuwa unapiga, nywele zikamfunika uso. Hakuziondoa.

— Nitaolewa na wewe.

Hata yeye hakujua kama anasema kweli. Alijisikiliza anavyosema, akaona inawezekana. Mwoga anaweza kusamehewa. Wangapi wameolewa na waoga na wamezeeka nao!

Saa tatu asubuhi wazee watano, vilemba vyekundu na vya manjano, walikuwa wamekaa kwenye mikeka ya Mama Gavri wanakunywa chai. Mkubwa wao alimtazama Ketan akivua viatu.

— Umenenepa, mkwe. Jangwa letu lilikukondesha, kumbe ulikuwa unahitaji kukimbia tu.

Hakuna aliyecheka. Mzee mwenye miwani akasoma: "Mimi Ketan, mwana wa Harshad Mistri wa Ahmedabad, nimemwacha Dhapu, binti wa marehemu Bhanwarlal, kwa hiari yangu. Kuanzia leo yu huru kuolewa na amtakaye." Ketan akasaini chini ya muhuri, akabonyeza na dole gumba. Wino ukamganda kidoleni, akawa anaufuta kwenye suruali.

— Yamekwisha, alisema mzee.

— Kwangu bado, alisema Dhapu kutoka mlango wa jikoni. Nina swali moja.

— Binti, mambo yameisha, usiyachimbue.

— Sikuwauliza nyinyi, baba zangu. Namwuliza huyu. Siku ile stesheni, umekaa dirishani, umenishika mkono, ukasema wiki mbili. Ulikuwa unajua hurudi?

Ketan akamtazama Urvi. Labda alidhani ukweli sasa utampendeza. Labda alichoka tu.

— Nilijua.

— Tangu lini?

— Uhamisho wangu ulikuwa umeshatoka. Kabla ya harusi.

Mzee mmoja akaweka kikombe chini. Dhapu akasogea hatua moja.

— Basi ulinioa kwa nini?

Ketan akainamisha kichwa. Alisema polepole, lakini nyumba ile ni ya mawe, na mawe hayamezi neno.

— Bila ndoa usingenikubali.

Mama Gavri akajifunika uso kwa ushungi. Dhapu alisimama vilevile, kisha akachota mafuta kwenye chungu cha jikoni, akajipaka mkono, akaanza kuzivua bangili. Zilikuwa zimembana, mkono umenenepa ndani ya miaka minne. Alizivuta moja moja, anauma meno, hakukubali kusaidiwa. Watu wote walikaa wanamngoja. Ya mwisho ilipotoka, ngozi chini yake ilikuwa nyeupe kama ya mtoto mchanga.

— Nenda, alimwambia Ketan. Karatasi nimepata.

Nje kwenye uchochoro Ketan alishusha pumzi kama aliyetua mzigo.

— Haya, nimefanya ulivyotaka. Treni ni saa kumi. Twende tukafungashe.

— Nenda wewe.

— Urvi?

— Siolewi na wewe, Ketan.

— Uliniahidi! Jana, juu ya paa, uliniahidi!

— Niliahidi.

— Kwa hiyo ulinidanganya. Mimi mwongo, na wewe je?

— Jana nilipoahidi nilikuwa naahidi kuolewa na mwoga. Mwoga ningemvumilia. Lakini wewe ulihesabu siku. Ulikuwa na barua ya uhamisho mfukoni, ukazunguka moto wa ndoa na yule binti mara saba, baba yake anakurushia maua.

— Nilikuwa nampenda kwa wakati ule!

— Hilo ndilo baya zaidi.

— Utaambia watu nini nyumbani? Nani atakuchukua, na kadi mia sita ziko mitaani? Fikiri!

— Nimefikiri. Ondoka, kabla Dhapu hajatoka akatukuta bado tumesimama mlangoni kwake.

Akaondoka. Urvi alimtazama mgongo mpaka kona. Hapo ndipo akakaa chini kwenye jiwe na kulia, kilio cha aliyefiwa, maana huwezi kumkata mtu uliyempenda miaka miwili ukatoka bila damu. Mama Gavri akatoka, akamwinua. Urvi alikula kwao siku hiyo, akarudi Ahmedabad kesho yake kwa treni ya asubuhi.

Ukweli ukisemwa na mwanamke aliyevunja harusi, nani huusikiliza? Urvi alikuwa na picha ya karatasi kwenye simu, aliyoipiga siku ile kwa wazee, akamwonyesha baba yake. Baba aliisoma, akarudisha simu, akaenda kuwapigia akina Ketan. Akina Ketan wakajibu kwamba karatasi ni ya kughushi, eti Urvi alionekana anatoka hotelini peke yake, anazungukazunguka na mpiga picha. Habari hiyo ilikimbia mtaani kuliko kadi. Mdogo wake akaacha kumsemesha. Mama yake akawa anampakulia chakula na kukiweka mezani bila kumwita.

Mwezi wa tatu Dhapu akapiga simu kutoka Pokaran.

— Nimeolewa, dada. Bila ngoma, mimi mtalaka na yeye mgane, nani atupigie ngoma? Jetharam anakoroma kama matrekta yake. Lakini asubuhi nikiamka, yupo.

Urvi akacheka kwa mara ya kwanza tangu safari ile ya Januari.

Mwezi wa tano akasikia Ketan anaoa. Msichana anaitwa Rinkal, wa Surat, mwalimu wa chekechea. Urvi akaitafuta namba yake siku tatu, akaipata kwa rafiki wa rafiki. Akamtumia picha ya karatasi pamoja na maneno machache: "Dada, hunijui. Huyu ndiye unayeolewa naye. Ukitaka kuniuliza lolote, nipigie muda wowote."

Jibu lilikuja alasiri, Urvi akiwa jikoni na mama yake wanakata bamia.

"Dada Urvi, karatasi hiyo nimeshaiona, na habari zako nimezisikia. Kadi zimeshagawiwa. Tafadhali usinitumie tena kitu."

Akampa mama yake simu asome. Bi Kokila alisoma, akasogeza miwani, akasoma tena.

— Umeona? Mwenzako ana akili.

— Mama, mwenzangu ana hofu. Hata mimi nilikuwa nayo.

Sebuleni baba alikuwa anatazama kriketi, sauti ya televisheni iko juu. Bi Kokila aliangalia mlango. Halafu, kwa sauti ambayo Urvi hakuwahi kumsikia nayo, alisema:

— Hata mimi. Siku tatu kabla ya kuolewa na baba yako, mwanamke mmoja alinitumia barua.

Urvi akaweka kisu chini.

— Ukafanya nini, mama?

— Nikaichoma, alisema Bi Kokila, akachukua bamia nyingine, akaendelea kukata.